Wanaume Wanasikia, Sisi Tunaona

Jumatano, wiki ya Nikamsihi

Jana tulifunga kulilia Hekalu, leo nimeamka na njaa na maneno mengi. Daftari hili kanipa Galia, binti yangu, kabla hajarudi mjini. Anasema yale yote ninayomsimulia kwenye simu niyaandike humu, akija atasoma. Yaani kwa adabu kabisa mtoto kanifunga mdomo. Haya, mwanangu, umeyataka. Mimi Sippora mama yako shule niliiacha darasa la tatu kule Kerala, kabla hatujapanda meli kuja huku nchi ya ahadi, kwa hiyo mwandiko wangu ni kuku kaparura. Vumilia.

Tarehe usinitafutie. Ukiniambia kumi na nne mwezi huu au ule, sijui ndiyo lini. Ukiniambia wiki ya Nikamsihi, najua hata zabibu zimefikia wapi. Torati inasomwa fungu moja kila Sabato, fungu linaitwa kwa maneno yake ya kwanza, na mwaka unakwenda hivyo mpaka gombo linaisha na kuanza upya. Sasa tumo kwenye kitabu cha mwisho. Zabibu zimeiva, nyigu wamejaa.

Joto la kuua. Kuku wametaga kwa shida.

Jumapili, wiki ya Kwa Kuwa

Sabato ilikuwa nzuri, ila kaka yangu Efraim alikwama mara mbili akisoma. Vumbi, nadhani. Kila mtu anakohoa.

Seema kaja na gauni jipya la kijani. Mumewe ni mwenyekiti wa sinagogi, basi na yeye anaketi kama mwenyekiti wa roshani ya wanawake. Simsemi vibaya. Nasema ninachokiona.

Jumapili, wiki ya Tazama

Leo nina hasira.

Efraim amewasomea watu hawa tangu tumejenga sinagogi hii, nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuna mwingine anayesoma, maana wote walilala usingizi, wakisema Efraim yupo. Na anasoma kwa sauti ya kwetu, ile ya Kerala, aliyofundishwa na mwalimu mwenye fimbo ya mwanzi. Jana kakosea, si mara moja. Anasoma, anasimama, anarudi, anaruka. Kwetu msomaji akikosea watu hawamhurumii: kila mwenye kitabu mkononi anampigia kelele arudie, ndiyo desturi. Jana kelele zilikuwa kama mnadani. Kaka wa watu shingo ikalowa jasho.

Baada ya sala, Mordekai mwenyekiti kamwita pembeni. Huyo Mordekai mimi namwita Bwana Funguo, maana funguo zake zinafika kabla yake. Nehemia mume wangu alikuwa karibu akasikia yote, na Nehemia akisikia nimesikia mimi. Kamwambia Efraim kwamba mjini kuna kijana amesoma chuo, anasoma safi, na anaweza kuletwa. Kwamba mtu akichoka si aibu kupumzika. Kwamba Efraim akikosea tena hivi kabla ya mwaka wa Torati kuisha, basi, kijana anachukua.

Huyo kijana hasomi kwa sauti yetu. Anasoma kama wanavyosoma wote huko mjini. Sauti ya Efraim ikinyamaza hapa, hakuna mahali pengine itakaposikika. Watu wa kwetu tumetawanyika, na huko walikotawanyikia nao wamejifunza kuimba kama majirani.

Nilimpelekea Efraim chakula jioni, mchuzi wa samaki na nazi ya pakiti, ambayo si nazi. Tangu mkewe afariki anakula kwangu au hali kabisa. Hakugusa. Kasema tu, "Sippora, mwanga wa humu ndani umekuwaje?" Nikamwambia taa ni ile ile.

Jumapili, wiki ya Waamuzi

Andikeni kwa wino mwekundu. Kaka hakukosea hata herufi moja. Fungu zima la Tazama alilitiririsha kama maji ya bomba jipya. Waliokuja na koo zimekaa tayari kwa kelele walirudi na koo zao. Bwana Funguo alikuwa anafuata kwenye kitabu chake kwa kidole, akitafuta kosa kama mtu anatafuta chawa, akakosa.

Nimekaanga vitumbua vingi mno na kuwagawia majirani, hata Seema. Nilimwambia, kula, shoga, hiki cha ushindi. Akala, akaniangalia sana, akasema Mungu amlinde kaka yako. Maneno mazuri. Nikashangaa.

Alhamisi, wiki ya Waamuzi

Zabibu zimekwisha kuchumwa. Mgongo wangu unalijua hilo.

Jumapili, wiki ya Utokapo

Kijana wa mjini kaja. Alisoma alasiri ya Sabato, lile fungu fupi tu la kuonja wiki inayofuata. Hana kosa, sitamsingizia. Ila alisoma kama mtu wa redio anayesoma bei za mbolea. Mzee mmoja alilala. Asubuhi yake Efraim alikuwa amesoma Waamuzi bila doa tena, sauti imesimama, mpaka wanawake tukashikana mikono.

Mordekai alimpa kijana chakula kizuri na kumsindikiza mpaka kituoni Sabato ilipoisha. Kuhusu Efraim hakusema kitu. Mtu mwenye roho nzuri angesema hongera.

Jumapili, wiki ya Utakapoingia

Galia, hili ninaloandika usimwambie mtu.

Wewe umekulia mjini, labda umesahau roshani yetu. Sala inafanyika chini, lakini Torati ya Sabato inasomewa juu, kwenye jukwaa dogo la roshani, kama baba zetu walivyojenga kule Kerala. Nyuma ya jukwaa pana wavu wa mbao, na nyuma ya wavu ndiyo sisi wanawake. Gombo liko ndani ya kasha lake la fedha, limesimama wima, likifunguliwa linamtazama msomaji. Na sisi tuko nyuma ya bega lake. Wanaume wako chini wamenyanyua shingo kama bata. Wanaume wanasikia, sisi tunaona. Anayeitwa juu kubariki naye haoni: wote wanajifunika shali mpaka puani na kufumba macho, waonekane wako karibu na mbingu.

Basi jana nilitazama kile kidole cha fedha ambacho Efraim anafuatia mistari. Efraim anasoma, sauti inakwenda, mambo ya mateka, mambo ya ng'ombe aliyepotea, na kidole kimesimama. Halafu kinashuka kidogo, kama mtu aliyekumbuka kuwa anatazamwa. Halafu kinasimama tena. Mdomo uko shambani, kidole kiko nyumbani.

Hasomi. Anasema kutoka kichwani. Fungu zima, kila neno mahali pake, kichwani.

Na hilo haliruhusiwi. Hata mimi wa darasa la tatu najua. Neno la gombo linasomwa kutoka kwenye gombo, jicho juu ya herufi, hata kama unalijua kuliko jina la mama yako. Asiyetazama hajasoma, kaimba tu.

Nikaelewa ule mwanga. Taa haina kosa, macho ndiyo yanakwisha. Alipokuwa akijaribu kuona, alikosea. Alipoacha kujaribu, akawa hodari. Na sisi tukala vitumbua.

Nikisema, Bwana Funguo anapata alichokuwa akikitafuta. Nisiposema, watu wote hawa wanamaliza mwaka wa Torati wenye matobo, wakidhani ni mzima. Mimi, Sippora, ambaye habari ikiingia kwangu haikai hata kupoa.

Jumatatu

Sijasema.

Jumanne

Sijasema. Nehemia kauliza kama ninaumwa.

Alhamisi

Nilikwenda kwa Efraim nimekusudia kusema naye. Nilimkuta anapapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Nikakisogeza kwenye mkono wake, nikaongea habari za bei ya mayai, nikarudi.

Jumapili, wiki ya Mmesimama

Fungu la Utakapoingia ndilo lenye laana, zinasomwa kwa sauti ya chini ili zisiamke. Efraim alizipitisha kwa haraka kama inavyotakiwa. Alipofika pale panaposema utapapasa adhuhuri kama kipofu apapasavyo gizani, akanyamaza. Chini walidhani anavuta pumzi. Nilikuwa nyuma yake, niliona shali inatetemeka. Kisha akaendelea.

Nililia ndani ya leso. Seema, pembeni yangu, naye alikuwa ndani ya leso yake. Nikamuuliza anachokililia. Akasema vitunguu. Sabato asubuhi, vitunguu. Ana mambo huyu mwanamke.

Jumanne, wiki ya Mmesimama

Sijasema. Nimepungua, gauni la buluu linanizunguka.

Jumapili

Mwaka huu Mmesimama na Akaenda zimeungana, zimesomwa Sabato moja. Na katikati yake lipo neno hili: mambo ya siri ni ya Bwana Mungu wetu. Nikasema, Bwana, basi ichukue hii, ni yako, imenichosha. Hakuichukua.

Nasafisha nyumba kwa Mwaka Mpya. Mwaka Mpya ni Alhamisi na Ijumaa, Sabato inafuata palepale, siku tatu za kupika. Wingu la kwanza limepita leo, jembamba, halikuwa na kitu.

Jumapili, siku ya kufunga baada ya Mwaka Mpya

Leo ni mfungo, sipiki, nina muda, na siku moja haitoshi kuandika ya jana. Kaa vizuri, Galia.

Tuna magombo matatu. Mawili yalisomwa Mwaka Mpya. La tatu liliwekwa tayari tangu Jumatano kwa ajili ya Sabato, kwenye wimbo wa Sikilizeni. Baba yako ndiye anayefungua sanduku na kutoa kasha. Ni mume mwema, lakini kushoto na kulia hajawahi kuelewana navyo, na siku ya tatu ya sikukuu, tumbo limejaa, ndiyo kabisa. Akatoa kasha alilolirudisha mwenyewe Ijumaa. Msomaji mwenye macho angelifungua, angecheka, angemwambia lirudishe. Efraim alilipokea, akalipandisha ngazi, akalisimamisha jukwaani, akalifungua. Aliyeitwa akajifunika shali, akafumba macho, akabariki.

Sasa Sikilizeni ndiyo fungu ambalo wanawake tunalingojea mwaka mzima. Ukurasa wake haufanani na mwingine. Maneno yamesimama nguzo mbili, na katikati njia nyeupe inateremka toka juu mpaka chini. Asiyejua herufi hata moja anaijua ile njia. Bibi yangu alininyanyua kwenye wavu kule Kerala niione, nami nilikunyanyua wewe.

Efraim akaweka kidole cha fedha, akaanza kwa sauti ile ya kutoa machozi: sikilizeni, enyi mbingu.

Na ukurasa umejaa wino. Mweusi wote, ukuta mzima. Njia hakuna.

Roshani nzima ilikufa ganzi. Ibrahimu na Isaka, fungu la Mwaka Mpya, ndio walikuwa wamefunguliwa pale, na kaka yangu anawasomea watu wimbo wa Musa. Chini wote wanatikisa vichwa, utamu umewakolea. Mordekai kafumba macho. Baba yako analia kwa furaha.

Nilifikiri hivi. Nikinyamaza anamaliza, anashuka, wanampa mkono, na hakuna mwanamume atakayejua. Amebakiza fungu moja tu la mwaka baada ya hili. Nikafikiri tena: baraka imekwisha kutamkwa juu ya ukurasa ambao si wake. Na Efraim mwenyewe, ambaye kwa ajili ya herufi moja alikuwa akirudia mstari mzima, angetaka nini? Nilimjua kaka yangu kabla hajaota ndevu. Angetaka arudishwe.

Nikaweka mdomo kwenye wavu. Niliongea taratibu, alipovuta pumzi.

"Kaka. Njia nyeupe haipo."

Akasimama. Akatia mikono ndani ya kasha, akapapasa mti wa kulia na mti wa kushoto. Mwisho wa kitabu cha tano ngozi yote huwa imezungushiwa upande wa kulia. Akakuta kulia kwembamba kama mkono wa mtoto. Chini wameanza kuuliza kuna nini juu huko. Efraim akageuka, akashika kingo za roshani, akawaambia, "Jamaa, sioni. Herufi zimenipotea. Tangu wiki ya Tazama nawasomea kutoka kichwani. Nisameheni."



Halafu nikasikia funguo. Mordekai anapanda ngazi. Niliinama nisimwone, nikasema sasa huyu amefika kwenye harusi yake. Alipita akamwambia Nehemia alete kasha lingine, la kulia, ule mkono wa kulia chakula. Likaja. Likafunguliwa. Na njia nyeupe ile pale, inateremka, mpaka wanawake tukatoa sauti.

Mordekai akavaa miwani yake. Akamwambia Efraim, "Shika bega langu."

"Unataka kufanya nini?"

"Kusoma. Fimbo ya yule mwalimu ilitupata wote wawili, au umesahau? Wewe ulishika, mimi nilikimbia. Mimi nina macho, wewe una sauti. Nikikosea nifinye."

Akaanza. Mungu wangu, mwanangu. Alisoma kama trekta linalopanda mlima na mzigo wa mawe. Lakini ilikuwa sauti yetu. Kila alipopotoka, Efraim alimfinya bega na kumtilia sauti sikioni, naye anarudi, anarudia, anapanda. Jasho likawatoka wote wawili. Wimbo ule huchukua muda mfupi, jana ulichukua asubuhi, na hakuna aliyenyanyuka. Hata kelele za kusahihisha hazikupigwa. Walimwachia Efraim peke yake kazi ya kusahihisha.

Tulipokuwa tunashuka, nilimwambia Seema kwamba mimi nilijua tangu wiki ya Utokapo, na nimebeba peke yangu mpaka nimekonda. Akasimama kwenye ngazi akacheka mpaka kilemba kikakaa upande. "Utokapo? Sisi wote tulijua tangu Tazama, shoga. Tulikuwa tunakuficha wewe."

Wote. Wanawake wote wa roshani. Wamekaa na habari kubwa kuliko zote za mwaka, majiko yanatazamana, madirisha wazi, na hakuna aliyemwambia hata mumewe. Kwa sababu ya kaka yangu, na kwa sababu ya mdomo wangu. Vile vitumbua vyangu vya ushindi Seema alivila akijua. Nilimkumbatia palepale na gauni lake la kijani.

Na Mordekai? Alikuja jioni, mfungo haujaingia, akaketi kwa Efraim nami niko. Akamwambia, "Mimi nilidhani ni kichwa kinachokwenda. Nikasema bora nimtoe kwa heshima kabla hajasahau mbele za watu. Kumbe kichwa ni kizima kuliko changu."

Sitamwita tena Bwana Funguo. Labda mara moja moja.

Jumatatu

Zahanati. Daktari wa macho kamtazama Efraim: mtoto wa jicho, macho yote mawili, limekomaa kama embe. Linatolewa, anasema, si kitu cha kuogopesha, lakini nafasi ni baada ya sikukuu. Kwa sasa kampa lenzi ya kukuzia, nene kama kitako cha chupa. Akiishikilia sawasawa anaona herufi moja, halafu ya pili, halafu jicho linachoka linalowa machozi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Kasema aliogopa wangemshukuru na kumpumzisha.

Jumanne

Mordekai kampigia rabi mjini. Rabi kasema yaliyopita yamepita, msijitese, someni vizuri kuanzia sasa. Kila mtu akashusha pumzi isipokuwa Efraim. Efraim hataki. Anasema mafungu aliyoyasema kichwani, Tazama, Waamuzi, Utokapo, Utakapoingia, Mmesimama na Akaenda, yote yasomwe tena kutoka kwenye gombo, jicho juu ya herufi, kabla ya siku ya Furaha ya Torati, ili tufunge mwaka usio na tobo. Na fungu la mwisho, Hii Ndiyo Baraka, lisomwe na wanaume wa hapa wenyewe, kwa sauti yetu.

Nehemia akauliza atasoma nani. Efraim akamnyooshea kidole, akakosea kidogo, kikaelekea kwenye jokofu. Lakini wote walielewa.

Alhamisi

Wanakutana kila jioni kwa Efraim, mayai yakishaokotwa. Wamegawana, kila mwanamume kipande chake. Watu wazima wenye vitambi wamekaa vibarazani wanaimba mstari mmoja mpaka paka wamehama. Efraim kaketi katikati na mwanzi. Hampigi mtu, anagonga sakafu.

"Nehemia, hiyo ni sauti ya kuuza samaki. Rudia."

"Shemeji, nimerudia mpaka ulimi umekauka."

"Lowesha, rudia."

Mimi ni chai na vitumbua, chai na vitumbua. Mordekai anasoma vipande virefu. Bega lake limekuwa jeusi kwa kufinywa, Seema analipaka mafuta na kumsimanga, anasema ujana wao wote yeye mkewe hajawahi kumfinya hivyo.

Jumapili, baada ya siku ya Upatanisho

Tumefunga, tumesamehewa. Baba yako alisoma Tazama yake bila kukwama. Nyumbani tangu jana anatembea kama jenerali.

Jumanne

Vijogoo viwili vimekufa kwa joto. Waamuzi na Utokapo zimekwisha. Kibanda cha sikukuu kimesimama uani, Efraim kahamishia darasa humo, chini ya makuti.

Jumatatu, katikati ya sikukuu ya vibanda

Zimebaki Utakapoingia nusu, Mmesimama na Akaenda. Yule aliyepangiwa laana kagoma, anasema ana mke mjamzito nyumbani, hataki mikosi. Mordekai akachukua laana zote yeye. Mtu huyu.

Kwenye Hii Ndiyo Baraka kumetokea jambo. Karibu na mwisho kuna mstari wa kifo cha Musa: naye alikuwa na miaka mia na ishirini alipokufa, jicho lake halikupofuka. Kila anayepewa anajikohoza na kusema koo lake halifai pale. Hakuna anayetaka kuusema mbele ya Efraim. Leo wakaanza kusukumiana, mpaka Efraim akagonga mwanzi.

"Huo niachieni mimi."

Wakamwambia haruhusiwi kichwani. Akasema anajua sheria, yeye ndiye aliyewafundisha. Akaomba lenzi yake.

Jumatano, mkesha wa Furaha

Akaenda imekwisha mchana huu, neno la mwisho alisoma baba yako. Tobo la mwisho limeshonwa. Nimepika mpaka mikono inanuka bizari hadi viwikoni.

Ijumaa, wiki ya Hapo Mwanzo

Galia, ungekuja.

Jana sinagogi ilijaa mpaka uani. Magombo yalitolewa, yakazungushwa, wanaume wakicheza nayo kama mabwana harusi, na sisi juu tukaimba nyimbo zetu za Kimalayalam, lugha ya kule Kerala, zile za bibi, mpaka za chini zikatulia kutusikiliza. Kisha kasha likapandishwa. Baba yako alilitoa kwa mikono miwili na kuuliza mara tatu kama ndilo.

Wakasoma. Mmoja baada ya mwingine walipanda ngazi, wauza mayai, wachuma zabibu, kila mmoja na kipande chake. Walisoma kwa sauti ya Kerala, yenye makwaruzo, yenye kutetemeka, lakini jicho juu ya herufi. Mimi nilitazama kidole cha fedha kila mara. Kinatembea. Kwa wote kinatembea.

Wakafika mwisho. Mordekai akaita kwa sauti kubwa, kwa jina la heshima la anayefunga gombo: asimame bwana harusi wa Torati, Efraim. Akapanda peke yake, mkono ukutani. Mordekai akasoma mpaka kifo cha Musa, mpaka kaburi lile lisilojulikana, akarudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi. Ule mstari ndio uliofuata, ukimngoja.

Efraim akatoa lenzi, akaishika karibu na ngozi, akainama mpaka ndevu zikagusa kasha. Mtu aliyekuwa akitiririka kama bomba, jana alisoma kama mtoto wa siku ya kwanza darasani. Herufi. Kimya. Herufi. Akiunganisha neno, anavuta pumzi, anasogeza lenzi, machozi ya jicho bovu yanadondoka anayafuta na shali. Naye Musa. Miaka mia. Na ishirini. Watu wote wale, watoto wakiwemo, na hakuna kiatu kilichosogea. Niliona kidole cha fedha kinakwenda mwendo wa kobe, na kila kilipofika, macho yake yalikuwa pale. Anaona. Anasoma. Akafika kwenye maneno jicho lake, akasimama, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anatabasamu. Akalimalizia lile neno kwa sauti ya zamani, yote, ile ya kutikisa madirisha: halikupofuka.

Mordekai akamalizia mistari iliyobaki. Watu wakasimama wote wakapiga ukelele wa kufunga kitabu, jikaze, jikaze, na tutiane nguvu, na sisi juu tukaangusha vigelegele mpaka wavu ukatoa vumbi la miaka.

Sasa ni Ijumaa na sina amani ndani ya nyumba hii. Kesho ni Sabato ya Hapo Mwanzo, gombo linaanza upya, na tangu asubuhi wanaume wanagombana nani asome. Wiki chache zilizopita tulikuwa hatuna msomaji, leo tuna kumi na wawili na kila mmoja anataka kuumba mbingu na nchi. Kijana wa mjini kapigiwa simu kwamba asisumbuke. Efraim kaketi jikoni kwangu, lenzi mfukoni, hospitali ni Jumatatu, anakula vitumbua vilivyobaki na kusikiliza baba yako akifanya mazoezi uani.

"Rudia," anamwambia kupitia dirishani, mdomo umejaa. "Nuru haijapatikana bado."